Kupiga Picha za Ndege na Wanyamapori: Mwongozo kwa Anayeanzia Mtaani

Kila anayetaka kuingia kwenye hobi hii huanza kwa kuuliza anunue kamera gani. Nitalijibu swali hilo, ila si la kwanza. Zile lenzi za milimita 600 (milimita zikizidi, lenzi inavuta karibu zaidi) zinazotokeza kwenye magari ya watalii Serengeti zinauzwa kwa bei ya gari lililotumika, na bado wapo wenye nazo wanaorudi na picha za mgongo wa ndege anayeondoka. Kilichowakosesha ni kutomjua ndege: anapenda kutua wapi, anakula saa ngapi, akiruka anaelekea upande gani. Hayo yanajifunzwa bure, na yanajifunzwa haraka zaidi karibu na nyumbani kuliko mbugani, ambako kila saa ina gharama yake. Kwa hiyo tunaanza na mtaa.

1. Chagua eneo moja, ulizoee

Tafuta mahali unapofika kwa miguu au kwa daladala moja, penye maji au miti, na uwe unakwenda kila wiki. Dar es Salaam kuna fukwe za Msasani na Kunduchi zenye mikoko, na kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu ina miti ya kutosha. Wa Arusha wana Ziwa Duluti, lenye njia ya kutembea kandokando ya maji. Nairobi kuna Arboretum na City Park. Watamu kuna Mida Creek. Kigali kuna Nyandungu. Bujumbura kuna delta ya Rusizi, ila huko angalia viboko. Usipokuwa na hata kimoja, mnazi wenye viota vya mnana unatosha kwa miezi mitatu. Sitanii.

Mara za mwanzo kaa tu, kamera ikiwa kwenye begi. Tazama nani anatua wapi. Keremkerem, yule anayekula nyuki, ana kijiti chake: anaruka, anadaka mdudu hewani, anarudi palepale na kumgonga kwenye mti ili kumtoa mwiba kabla ya kumeza. Mdiria naye ana tawi lake juu ya maji. Ukishakijua kijiti, hufukuzani tena na ndege. Unaelekeza lenzi kwenye kijiti na kumsubiri mwenyewe arudi.

Mnana ni mwalimu mzuri zaidi kuliko wote. Dume hukata ukingo wa kuti kwa mdomo, akauma ncha ya ule utepe na kuruka nao, ukichanika wenyewe kwa uzito wa mruko wake. Kiota kikikaribia kwisha, hujining'iniza chini ya mlango wake kichwa chini na kupigapiga mabawa jike anapopita. Hiyo ndiyo picha. Jike akikikataa kiota na kikaanza kukauka, dume hukibomoa na kuanza upya, kwa hiyo nafasi itarudi. Wakati wa mvua dume anakuwa wa njano inayowaka. Kiangazi aina nyingi hufifia hadi ukadhani ni shomoro. Ratiba yako ifuate masika na vuli, isifuate likizo.

Na kunguru? Wale wenye shingo ya kijivu waliojaa Dar, Zanzibar na Mombasa walitoka India na ni wasumbufu wakubwa kwa ndege wa asili, lakini kwa mazoezi ya kupiga ndege anayeruka hakuna bora kuliko wao. Wapo saa zote, hawakuogopi, na ukiwakosa mia, mia wengine wanakuja.

2. Vifaa: nunua kidogo, nunua kilichotumika

Njia ziko mbili kwa mfuko wa kawaida.

Ya kwanza ni kamera ya zumu ndefu isiyobadilishwa lenzi, kama Nikon P900 au P950, ambazo zinavuta kama lenzi ya milimita 2000. Ni nyepesi, kila kitu kimo humo humo, na mchana mweupe zinatoa picha nzuri za ndege aliyetulia. Udhaifu wake ni sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga: mwanga ukipungua picha inajaa chenga, na kumfuata ndege anayeruka ni shida. Kwa anayetaka kuwatambua ndege na kuwa na kumbukumbu safi, inatosha.

Ya pili ni kamera ya kubadilisha lenzi, mwili wa kawaida uliotumika wa Canon, Nikon au Sony, pamoja na lenzi ya milimita 70–300. Kwenye kamera za sensa ya kati (APS-C), milimita 300 inaona kama 450, na kwa Canon kama 480. Kwa ndege waliozoea watu hapo umefika. Ukizidi kunogewa, Sigma na Tamron wanatengeneza lenzi za 150–600 ambazo bei yake bado mtu anaweza kuidunduliza. Ningekushauri uweke pesa kwenye lenzi kabla ya mwili wa kamera, maana miili inapitwa na wakati haraka na lenzi nzuri inakaa. Vile vipande vya kuongeza urefu wa lenzi mara mbili viache, hasa vya bei rahisi. Vinameza mwanga na kuifanya fokasi itafute bila kupata.

Unaponunua mkononi mwa mtu, iwe Kariakoo au mtandaoni, kutaneni mahali penye watu na ufanye mambo manne. Toa lenzi, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku ukiangalia mbele: ukiona nyuzinyuzi au madoa yenye matawi ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, rudisha. Piga ukuta mweupe ukiwa na upenyo wa f/16 (upenyo ni tundu la lenzi; namba ikikua, tundu linabana), kisha kuza picha uone madoa ya sensa. Fokasi kwenye kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara nyingi, usikie kama injini ya lenzi inakwaruza. Mwisho uliza shata, lile pazia linalofunguka kila picha inapopigwa, imepigwa mara ngapi; kwa baadhi ya kamera kuna programu au tovuti inayosoma idadi hiyo kutoka kwenye picha moja ya JPEG, kwa hiyo usikubali jibu la "haijatumika sana".

Stendi ya miguu mitatu iache kwanza. Kwa ndege wanaohama tawi hadi tawi inakuchelewesha, na mtaani inavuta macho ya watu. Kinachofaa zaidi ni mfuko wa kitambaa kigumu ambao fundi cherehani anaushona kwa dakika chache, ukaujaza maharage au mchele na kuulaza kwenye dirisha la gari, ukuta au gogo, lenzi ikakaa juu. Ukisafiri unaubeba mtupu na kununua maharage sokoni ukifika.

Mwenye simu tu asijione yuko nje. Darubini ya 8×42 na simu iliyoshikizwa kwenye kioo cha kutazamia inatoa picha za kutambulisha ndege. Kwa kinyonga, chura, panzi na mjusi wa ukutani, simu ya leo inafanya kazi ambayo zamani ilihitaji lenzi maalumu.

3. Pangilia kamera kabla ndege hajaja

Kasi ya shata ndiyo mama wa mambo yote hapa. Ndege aliyetulia: 1/500 ya sekunde. Anayetembea au kuchakura: 1/1000. Anayeruka: 1/2000. Wadogo wenye haraka, kama chozi kwenye maua au mdiria anayejitupa majini: 1/3200 ukiweza. Upenyo acha wazi, f/5.6 au f/6.3 kadiri lenzi inavyoruhusu. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange yenyewe, ukiiwekea kikomo cha 3200, au 6400 kama kamera ni ya miaka ya karibuni. Wengi huogopa chenga na kushusha kasi, matokeo yake ndege anatoka na ukungu. Chenga zinapunguzwa kwenye kompyuta. Ukungu wa mtikisiko hauna dawa.

Fokasi iweke kwenye hali ya kufuatilia (Canon huiita AI Servo au Servo AF, wengine AF-C) na uchague nukta moja au kikundi kidogo cha nukta katikati. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zinatambua jicho la ndege zenyewe. Ukiwa nayo, washa. Usipokuwa nayo, lenga jicho. Mkia ukiwa na ukungu kidogo hakuna atakayeuliza, lakini jicho likikosa fokasi picha haifai. Weka pia upigaji wa mfululizo, ila piga kwa vishindo vifupi vya picha nne tano. Ukikandamiza kitufe mpaka kamera igome, utanyimwa nafasi dakika ile ile ndege anapofanya jambo.

Kuna kitufe ambacho wanaoanza hukisahau: kile chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kamera hupima mwanga ikidhani dunia nzima ni ya kijivu. Yangeyange mweupe akisimama kwenye tope jeusi, kamera inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, na manyoya yake yanaungua yakawa karatasi tupu isiyo na nyuzi hata moja. Hapo punguza hadi –0.7 au –1. Kinyume chake, tai akipita angani mbele ya mawingu meupe anatoka kivuli kitupu. Ongeza +1 hadi +2. Kamera nyingi zina onyo linalopepesa pale weupe ulipoungua. Liwashe, na liamini kuliko unavyoiamini skrini iliyopigwa na jua.

Piga kwa RAW, faili ghafi ya kamera, kama memori kadi inaruhusu. Faili ni nzito, lakini ukikosea mwanga kidogo unarekebishika.

4. Mwanga na upepo

Kwetu karibu na ikweta jua halichelewi kupanda. Una dirisha kuanzia linapochomoza, saa kumi na mbili na kitu, mpaka kama saa mbili na nusu asubuhi; halafu tena kuanzia saa kumi na nusu jioni. Katikati ya hapo jua liko utosini, macho ya ndege yamo kivulini, na juu ya ardhi yenye joto mazigazi yanacheza hata lenzi ya bei mbaya itoe picha ya kuyeyuka. Watu hulaumu lenzi, kumbe ni hewa ya moto. Saa sita mchana piga vya karibu, au wa msituni kwenye kivuli, au nenda kale. Siku ya mawingu mepesi inakuongezea saa, na kwa ndege weupe ni bora kuliko jua kali.

Jua liwe mgongoni mwako, kivuli chako kimwelekee ndege. Ndege hutua na kuruka akiukabili upepo, kwa hiyo ukikaa upepo nao ukiwa mgongoni, anaruka akija upande wako na mabawa yamefunguka. Mambo haya mawili hayakubaliani kila siku. Yakigombana, fuata jua na uridhike na picha ya ubavu.

Kabla ya kuruka ndege hutoa dalili: anajikunja kidogo miguu, anainamisha mwili mbele, na mara nyingi anajisaidia. Furukombe, tai mla samaki wa maziwani, akijisaidia juu ya tawi anza kupiga hapo hapo; ukingoja mabawa yafunguke umechelewa.

5. Ufukweni, soma maji

Sehemu hii ni ya watu wa pwani, na nadhani ndiyo hazina ambayo hatuitumii. Kuanzia Septemba hadi Aprili fukwe zetu hupokea maelfu ya ndege wanaokimbia baridi ya kaskazini. Yupo mmoja wa pekee, Kiingereza crab plover, mweupe na mweusi, mrefu wa miguu, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huzaliana kwenye mashimo ya mchanga pwani za Uarabuni, Oman ikiwemo, kisha anashuka kwetu kwa njia ile ile ya majahazi. Yeye na wenzake wadogo hula kwenye tope maji yanapokupwa, mbali kabisa na wewe, na ukiwafuata kwa miguu wanaruka wote kwa pamoja.

Usiwafuate. Waache waletwe na maji. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji Dar na Zanzibar hujaa takriban saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Hesabu yake ni hii: siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, maji yatajaa kati ya kama saa kumi na dakika 50 na saa kumi na moja na dakika 40 jioni. Fika saa tisa na nusu, lala kifudifudi juu ya kipande cha turubai kwenye mstari wa mwani ulioachwa na maji yaliyopita, usitingishike. Tope linapungua, ndege wanasukumwa kidogo kidogo kuja kwako, na jua la jioni linatoka nchi kavu nyuma yako likiwamulika wao. Kutazama jedwali la maji kujaa na kupwa ni muhimu kuliko utabiri wa mvua. Wavuvi wanalijua kichwani, waulize.

Wakati wa kaskazi upepo unatoka baharini, hivyo kundi litakuwa limekupa kisogo nusu. Jivute upande wa kaskazini wa kundi upate ubavu wao. Na lala chini kweli, lenzi ikaribie mchanga. Ndege mdogo akipigwa na mtu aliyesimama anaonekana kama takataka ufukweni. Akipigwa usawa wa jicho lake, nyuma yake panakuwa na ukungu laini wa bahari.

6. Namna ya kusogea

Kwenye nchi kavu, usimwendee ndege moja kwa moja. Tembea mshazari kana kwamba unapita zako, simama, tazama pembeni, piga picha mbili tatu, sogea tena. Akiacha kula na kuinua kichwa, umefika mpaka wake; simama hadi arudie kula. Akisogea hatua mbili kando, rudi nyuma wewe. Nguo za rangi ya udongo zinasaidia kiasi. Ukimya na kutopunga mikono vinasaidia zaidi.

Gari ni maficho bora kuliko kichaka. Ndege na wanyama wengi hawaliogopi mradi mtu asitoe mwili nje. Zima injini kabla ya kupiga, maana mtetemo wake unafika kwenye lenzi, na mwombe kila aliyemo atulie. Mtu mmoja akihama kiti nyuma, milimita 400 inaruka nje ya fremu.

7. Watu kabla ya ndege

Mtu mwenye lenzi ndefu anatiliwa shaka, na ana haki ya kutiliwa shaka. Usielekeze kamera kwenye kambi za jeshi, bandari, vituo vya polisi au makazi ya viongozi, hata kama ndege adimu katua kwenye ukuta wake. Mahali pengine popote anza na salamu. Kwa mlinzi wa bwawa au wa shamba: "Shikamoo mzee. Mimi napiga picha za ndege tu, naomba kukaa pale kwenye mti kama nusu saa." Mwonyeshe picha kwenye skrini. Mara nyingi atakujibu, "Hao wadogo? Njoo kesho alfajiri, wanakuwa wengi kule nyuma," na umepata mwenyeji. Ukiwa unakwenda mara kwa mara, jitambulishe ofisi ya serikali ya mtaa. Maneno yenu mafupi yatakuokoa siku mtu mwingine atakapopiga kelele. Nenda na mwenzio pia. Kamera shingoni inavutia vibaka kuliko inavyovutia ndege.

Bundi ni suala la peke yake. Unajua yanayosemwa juu yake. Ukimpata amelala kwenye mwembe, usiuonyeshee mtaa mzima, maana wapo watakaokuja na mawe wakidhani wanaondoa uchawi. Kinyonga naye hivyo hivyo. Piga picha yako, nyamaza, ondoka.

8. Mipaka usiyoivuka

Kiota chenye mayai au makinda ni cha kupigwa kwa mbali na kwa dakika chache. Usikate tawi ili uone vizuri. Tawi lile ndilo lilikuwa likikinga jua na macho ya kunguru. Mama akiwa na chakula mdomoni na haingii kiotani, sababu ni wewe.

Kucheza sauti ya ndege kwenye simu ili aje kugombana na adui asiyekuwepo ni mtindo ulioenea. Mimi siupendi, na wakati wa kuzaliana unamchosha ndege bure. Tochi kali au mwanga wa flashi machoni mwa komba na bundi usiku pia uache. Kutupia wanyama chakula hifadhini hakuruhusiwi, na nyani aliyezoea ndizi za watalii ataishia kuwa mhalifu.

Unapoweka picha mtandaoni, futa taarifa za mahali kwenye faili ikiwa ni faru, tembo mwenye pembe kubwa, kiota cha tai au ndege anayewindwa kuuzwa. Majangili nao wana intaneti.

9. Sasa mbugani

Baada ya miezi kadhaa ya mtaani, mkono wako unajua vitufe gizani na ndipo kiingilio kinapokuwa na thamani. Mwananchi analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, na sijui kwa nini wengi wetu tunasubiri mpaka mgeni wa Ulaya aje ndipo tuingie. Angalia viwango vya sasa na namna ya kulipa kabla ya kuondoka, kwa kuwa malipo mengi siku hizi ni ya kielektroniki. Beba kitambulisho.

Kwa wa Dar, Mikumi ndiyo rahisi: barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inapita ndani yake. Tambarare ya Mkata ina twiga, nyati, pundamilia na tembo, na mabwawa ya viboko yana ndege wa maji wa kutosha kumaliza kadi. Hifadhi ya Arusha ina jambo lisilopatikana kila mbuga, kwamba unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye silaha. Maziwa ya Momella hupata heroe, na msituni wapo mbega weusi na weupe. Zanzibar, Jozani ina kima punju ambao wanapita karibu mno hadi lenzi ndefu inakuwa kero. Nenda na ya milimita 50. Kenya, hifadhi ya Nairobi iliyoanzishwa 1946 inakupa simba na faru huku majengo ya jiji yakionekana nyuma, na Ziwa Naivasha furukombe wanapigwa kutoka kwenye boti. Tena Nairobi, chama cha wapenda mazingira cha Nature Kenya huwa na matembezi ya ndege Jumatano asubuhi. Ukitembea na watu wale mara chache utajifunza kuliko mwaka mzima wa video.

Ingia geti linapofunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi. Mwambie dereva mapema, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba nyinyi hamkimbizi simba. Madereva wamezoeshwa kwamba mteja anataka wanyama watano wakubwa, nao watakupitisha mbele ya kambu aliyefungua mabawa ya samawati kwenye mgunga ili wawahi duma aliyelala kilomita kumi mbele. Mwombe azime injini, alaze gari jua likiwa nyuma yenu, na akae nusu saa bwawani. Usishuke kwenye gari pasiporuhusiwa, usimwombe atoke nje ya njia, na droni iache nyumbani. Kama picha ni za kuuza au za tangazo, kuna vibali vyake, omba kabla.

Kwa wanyama wakubwa kosa la kawaida ni kukuza mno. Tembo anayejaza fremu mpaka masikio yakakatika anachosha. Mrudishe nyuma aonekane na vumbi lake, ndege weupe miguuni pake, mvua inayokuja upande wa pili.

10. Ukirudi nyumbani

Hamishia picha kwenye kompyuta usiku ule ule na kwenye diski ya pili kabla ya kufuta kadi. Chagua kwa ukatili: jicho lisilo na fokasi, futa; mgongo, futa; zinazofanana kumi, baki na moja. Darktable ni programu ya bure na inatosha kwa RAW: nyoosha upeo, rekebisha mwanga, punguza chenga, kata pembeni. Ukilazimika kukata zaidi ya nusu ya picha, ulikuwa mbali, na kukata hakutakusogeza. Rangi zisizidi, kambu tayari Mungu alimpaka.

Kumtambua ndege, programu ya Merlin ya Cornell Lab ni ya bure na ina ndege wa Afrika Mashariki. Pakua kifurushi cha eneo lako ukiwa na Wi-Fi. Picha nzuri pamoja na tarehe na mahali ziweke kwenye tovuti za eBird au iNaturalist, watafiti wanazitumia. Majina ya Kiswahili yanabadilika kutoka pwani hadi bara, kwa hiyo andika na la kisayansi.

Mwisho ni kuvu. Unyevu wa pwani unaua lenzi nyingi kuliko kuanguka. Begi la kamera ni mahali pabaya pa kuhifadhia kwa sababu linashika jasho na chumvi. Futa mwili na lenzi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji yasiyo na chumvi ukitoka baharini, kausha, kisha weka vyote kwenye kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa mpira unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vibadilishe vikishiba. Toa lenzi itumike angalau kila wiki, kwani kuvu hupenda giza na utulivu. Na ukiona uzi wa kwanza ndani ya kioo, itenge na lenzi nyingine siku hiyo hiyo, uipeleke kwa fundi anayejua kufungua lenzi. Bisibisi ya nyumbani iache kwenye droo.